Kasa Hajasahau Njia ya Pwani, Sisi Je?

Nina wajukuu wawili, wa kiume wa miaka kumi na wa kike wa miaka minane. Wote wawili wamezaliwa Mombasa, na nyumba tukaayo haiko mbali na bahari. Usiku ukitulia, wimbi lasikika kitandani. Mwanzoni mwa likizo ya Aprili yule wa kiume alikuwa akifanya kazi aliyopewa na mwalimu wake, akainua kichwa akaniuliza: "Babu, kasa ni mdudu au ni samaki?"

Nilidhani afanya mzaha. Hakuwa akifanya mzaha. Jina la Kiingereza alilijua, na picha alikwisha kuiona kitabuni. Lakini kasa mwenyewe, ambaye wazee wake walimjua kama wamjuavyo mbuzi wa uani, hakumjua hata kwa jina.

Usiku ule sikupata usingizi mwema. Nilitafuta wa kumlaumu nikamkosa, mpaka nikajiona mwenyewe. Mimi nimekaa miaka hamsini na kitu kando ya bahari. Nimetunga mashairi ya bahari, nimeandika makala juu ya bahari, na watu wakanipigia makofi. Wala sikupata hata siku moja kumshika mkono mtoto wangu nikampeleka kumwonyesha kilichomo. Asubuhi nikamwambia mama yao awafungie nguo. Tukaenda Watamu kwa siku nne.

Niliyoyaona huko ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu leo, na nawaomba wasomaji wanivumilie, kwani mengine si ya kufurahisha.

MATEMBEZI NI YA WAGENI TU?

Kwetu pwani imekuwa desturi kudhani kwamba kwenda ufuoni kupumzika ni jambo la wageni. Mzungu akiketi mchangani mchana wa Jumanne huitwa mtalii. Mwenyeji akiketi hapo hapo, siku hiyo hiyo, huulizwa kama amefukuzwa kazi. Mtu hutoka Ulaya, akatoa fedha nyingi, akavuka mabara na bahari, ili aje kuona kile ambacho sisi twakipita kila siku ndani ya matatu tumelala.

Sisemi hivi kuwabeza wale wafanyao kazi mahotelini. Kazi ni kazi, na nyumba nyingi za pwani zapika kwa mshahara wa hoteli. Nasema tu kwamba mwenyeji amezoea kuijua pwani kwa mlango wa nyuma: aingia kupika, kufagia, kulinda na kuuza, kisha arudi kwake jioni. Watoto wake hawaingii kwa mlango wowote. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Sisi mbachao tumeuacha kwa wageni, na msala hatukuupata.

Basi tulipanda matatu ya Malindi asubuhi mapema. Tukavuka Mtwapa, tukavuka Kilifi, na hapo nikawahadithia watoto kwamba nilipokuwa rika lao palikuwa hapana daraja. Tulivuka kwa feri, na foleni ikiwa ndefu mtu aliweza kuswali adhuhuri ng'ambo hii na alasiri ng'ambo ile. Daraja lilifunguliwa mwaka 1991. Gede tukashuka, tukachukua tuktuk mpaka Watamu.

UKUTA

Watamu si pageni kwangu. Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa mvuvi hapo. Katika miaka ya 1970 maalim alipofunga chuo nilikuwa nikipelekwa kwake, na ubao wangu ukiachwa Mombasa umeegemezwa ukutani. Kutoka nyumbani kwake palikuwa na njia ya kushukia pwani, ikipita katikati ya mikoche na mivinje. Upana wake ulikuwa wa punda wawili. Alfajiri, baada ya kuswali, mjomba alinishika mkono tukashuka kwenda kutazama malema yake, na kila tuliyekutana naye katika njia ile alitutolea salamu.

Ni mjomba aliyenionyesha alama za kasa kwa mara ya kwanza. Aliniambia kwamba kasa huzaliwa katika mchanga ule, akaenda zake ulimwengu mzima, na akiwa mzima akitaka kuzaa hurudi papo hapo alipozaliwa. "Mwenda tezi na omo, mwanangu," alisema, "marejeo ni ngamani." Methali ile chuoni nilikwisha kuisikia. Maana yake niliipata siku ile, nimesimama pekupeku mchangani.

Basi asubuhi ya pili ya safari yetu nikawaambia wajukuu: "Njooni niwaonyeshe njia ya mjomba." Tukaenda. Mikoche mitatu ilikuwako. Njia haikuwako. Mahali pake palikuwa na ukuta wa mawe mrefu kuliko mimi, juu yake vipande vya chupa, na lango la chuma. Kijana mlinzi akatoka kwa adabu.

"Habari ya asubuhi, mzee."

"Njema, mwanangu. Twataka kupita twende pwani."

"Hapa hapapitwi, mzee. Ni mali ya mtu."

"Na njia ya pwani imehamia wapi?"

Yule kijana akatazama chini. "Mimi nilikuja nikakuta hivi, mzee. Zungukeni upande ule, kama mwendo wa robo saa, mtaona kichochoro."

Sikugombana naye, kosa si lake. Tukazunguka. Kichochoro tulikiona, kimebanwa na kuta mbili, na mvuvi mwenye tanga begani hana budi kupita ubavu kama kaa. Mjukuu wangu wa kike akaniuliza: "Babu, kwani bahari ni ya nani?" Nikamwambia tutembee kwanza, nitamjibu baadaye.

YALIYOMO MAJINI

Tulipotokea ufuoni maji yalikuwa yakipwa, ni siku za bamvua, na ghuba yote ilikuwa wazi: mchanga mweupe, na majabali ya matumbawe yaliyoliwa chini na maji mpaka yakawa kama uyoga uliosimama baharini. Watoto walivua viatu bila ya kuambiwa.

Tukapanda mashua yenye kioo chini na nahodha mtu wa hapo hapo. Yafaa vijana wetu wajue kwamba hifadhi za bahari za Watamu na Malindi ziliwekwa mwaka 1968, nazo ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari katika Afrika. Ile ya Watamu ina ukubwa wa kilomita 10 za mraba tu, na mwaka 1979 UNESCO ilizitambua zote mbili. Ndani ya hifadhi hakuvuliwi. Nje yake, katika eneo la akiba, mvuvi ana ruhusa ya kuvua kwa njia za kikwetu.

Chini ya kioo kile watoto waliona pono wakitafuna matumbawe, na nahodha akawaambia kwamba sehemu ya mchanga mweupe tuukanyagao yatoka katika tumbo la samaki yule. Waliona kangaja, changu, mkunga akichungulia shimoni, na kiti cha pweza chekundu kimelala bila ya pweza wa kukikalia. Kila jina nahodha alilitaja kwa Kiswahili, na kila jina nililiona likiingia katika vichwa vya watoto kama maji katika mchanga mkavu. Akawaeleza pia habari za papa shilingi, yule mkubwa kuliko samaki wote, ambaye hana madhara kwa mtu, na wavuvi walimpa jina hilo kwa madoa ya mgongoni mwake yaliyo kama sarafu. Naye nyangumi, alisema, hupita hapo kila mwaka kati ya Julai na Oktoba, akitoka kwenye bahari za barafu za kusini kuja kuzaa katika maji yetu ya joto. Mjukuu wangu akanitazama. Kisa cha Nabii Yunus alikijua, lakini hakupata kudhani kwamba nyangumi yu jirani yake.

Sitaki kuficha kwamba kuna yaliyoharibika. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani yetu yalipauka yakafa, na mengine hayajarudi. Wala sitaki kusahau manung'uniko ya mjomba. Hifadhi ilipowekwa, yeye na wenzake walinyimwa mahali walipovua tangu mababu. "Wametufungia shamba letu," alikuwa akisema, na alikuwa na haki ya kusema, maana hakuna aliyemuuliza. Leo mzee mmoja wa rika lake, ambaye bado anavua, aliniambia kwamba samaki huzaliana mle ndani kisha wakatoka nje, naye huwangoja mpakani. Akacheka. Kisha akasema maneno ambayo sikuyasahau: "Shamba likifungwa ili samaki wazae, nitasubiri. Lakini njia ikifungwa, nasubiri nini?"

WAGENI WA KASKAZI

Siku ya tatu tulikwenda Mida. Hapo bahari imeingia bara ikatandaza mkono kati ya mikoko, na kikundi cha wenyeji kimejenga daraja la mbao la kupitia juu ya matope. Aliyetuongoza alikuwa kijana wa Kigiriama, na kwa kweli sijapata kumsikia mwalimu mwema kuliko yeye. Aliwaonyesha watoto mkoko wenye mizizi kama miguu ya buibui, mchu unaotoa mizizi yake juu ya tope ipate kupumua, muia, mkandaa, mlilana na mkomafi. Akawaeleza ni upi wa boriti, upi wa kuni, na upi uachwe usikatwe. Chini yetu matopeni walikuwa kaa wadogo elfu, kila dume ana gando moja kubwa na moja dogo, na lile kubwa akilipunga kama mtu amwitaye mwenziwe sokoni.

Kijana akatuashiria tunyamaze. Mbele yetu, kwenye fungu la mchanga, palisimama kundi la ndege weupe wenye joho jeusi mgongoni, miguu mirefu na mdomo mnene. Wazungu wamempa jina la kaa, kwa kuwa kaa ndiye mlo wake. Ndege hawa hawazaliwi hapa. Hutaga mayai katika mashimo wachimbayo mchangani huko Oman, Ghuba na Bahari ya Shamu, kisha huja kwetu kukaa msimu wa kaskazi. Sasa ilikuwa ni maleleji, upepo haujaamua, na wengi walikwisha kuondoka. Hawa walikuwa ni wa mwisho, wakingojea nao kwenda zao.

Nilisimama pale nikasahau hata kuwajibu watoto. Hii ndiyo safari ya majahazi! Majahazi ya Uarabuni yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi, yakaleta tende na chumvi na mazulia, yakachukua boriti za mikoko hii hii. Majahazi yale hayaji tena. Ndege hawa hawajaacha. Kila mwaka wanafanya safari ya babu zetu, kwa pepo zile zile, na sisi tuliojivunia safari hiyo katika tenzi na nyimbo hatujui hata kwamba wamefika.

Chuoni tulifundishwa kwamba Nabii Suleiman alijaaliwa kuelewa usemi wa ndege, na kwamba wanyama na ndege nao ni umma mfano wetu. Sisi hatukupewa alilopewa Suleiman. Lakini kujua majina yao na siku yao ya kuja hakuhitaji utume.

Jioni ile tulipita Gede, kwenye magofu ya mji wa Waswahili ulioachwa karne ya 17, ambao mwaka 2024 uliingizwa katika urithi wa dunia. Watoto walicheka na kima warukao juu ya kuta za msikiti. Asubuhi yake tulitia mguu pembeni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba 420 hivi, mkubwa kuliko misitu yote ya namna yake iliyosalia katika pwani ya Afrika Mashariki. Chini ya mirihi tulimwona sange mwenye matako ya rangi ya dhahabu, mnyama mwenye pua ndefu asiyefika hata kilo moja, ambaye ulimwenguni kote hayuko ila katika vipande vichache vya misitu ya pwani ya Kenya. Aliruka mara mbili akatoweka katika majani makavu. Ilikuwa yatosha.

ALAMA MCHANGANI

Lakini kilichonileta ni kasa, na sasa nasema habari zake.

Katika bahari yetu wamo kasa wa aina tano: kasa wa kawaida ambaye ndiye atagaye zaidi kwetu, ng'amba mwenye magamba ya thamani, duvi, kigome, na noa aliye mkubwa kuliko wote. Wameanza kuwindwa zamani sana. Kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kiyunani karne ya kwanza chataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa zilizonunuliwa pwani hii. Jike hungoja miaka ishirini au zaidi kabla ya kuanza kuzaa. Akija, hupanda mchangani usiku, akachimba, akataga mayai mia moja hivi, akayafukia akarudi majini. Mayai hukaa kama miezi miwili. Katika vitoto elfu, wataalamu wasema, huenda akafika utu uzima mmoja tu.

Pale Watamu kuna jumuiya iliyoanza mwaka 1997 kwa jina la Watamu Turtle Watch, na leo yaitwa Local Ocean Conservation. Vijana wake, wengi wao wenyeji, hutembea ufuoni usiku kutafuta viota na kuvilinda, na kile kilichotagwa karibu mno na maji hukihamisha. Mvuvi akimnasa kasa wavuni huwaita, naye hupewa kifuta jasho, na kasa hupimwa akarudishwa baharini.

Alfajiri ya siku ya nne tuliwafuata vijana hao. Tulikwenda hatua chache tukaziona alama: mifuo miwili mipana mchangani, kama gari la kulimia limepanda kutoka baharini. Wajukuu wangu wakazifuata mbio, na mimi nyuma yao. Alama zilipanda moja kwa moja mpaka chini ya ukuta. Hapo zikageuka kushoto, zikauandama ukuta hatua kumi, zikageuka kulia, zikauandama tena. Kisha zikarudi baharini. Palikuwa hapana shimo wala yai.

Nikainua macho. Ulikuwa ni ukuta ule ule. Siku mbili kabla yake nilikuwa nimesimama upande wa pili nikimwomba mlinzi njia.

Kijana mmoja akatueleza kwamba kasa akikosa mahali hujaribu tena usiku mwengine, na akikosa kabisa huyamwaga mayai baharini, yakapotea. Mjukuu wangu wa kiume hakusema kitu. Yule mdogo akasema: "Babu, na yeye ameambiwa azunguke."

Hapa sina budi kukiri jambo ambalo sikulisema mwanzoni. Kiwanja kile kilikuwa cha mjomba. Alipofariki, wanawe walikiuza katika miaka ya 1990 kwa mtu aliyekuja na fedha taslimu, nami niliitwa kuwa shahidi. Nilitia sahihi kwa mkono huu huu uandikao. Nalijua njia yapita hapo. Hakuna hata mmoja wetu, mimi niliyesoma wala wao, aliyesema: andikeni katika hati kwamba njia ibaki. Tulihesabu fedha tukasoma Fatiha tukatawanyika. Basi msomaji asidhani kwamba nimekuja hapa kunyoosha kidole kwa wageni peke yao. Ukuta ule una jiwe langu.

BAHARI NI YA NANI?

Swali la mjukuu wangu nalijibu sasa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema waziwazi kwamba ardhi yote iliyo kati ya mpaka wa maji kujaa na mpaka wa maji kupwa ni ardhi ya umma. Kwa hivyo mwenye hoteli, mwenye nyumba ya fahari, mvuvi wa malema na mtoto wa chuo wana haki moja hapo mchangani. Lakini kumpa mtu ufuo bila ya njia ni kumpa kisima bila ya kamba. Atakaa ukingoni akitazama maji mpaka afe kwa kiu.

Najua watakalosema wenye kuta. Watasema kwamba njia zikiwa wazi wageni watasumbuliwa na wachuuzi, na wezi watapata upenyo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mgeni akisumbuliwa hatarudi, na asiporudi sisi ndio tutakaolala njaa. Lakini kazi ya kuzuia wizi ni ya askari, na kazi ya kuwapanga wachuuzi ni ya serikali ya kaunti. Hatuwezi kuufungia mji mzima bahari kwa ajili ya mwizi mmoja. Tena mgeni mwenyewe amekuja kuona kasa, na kasa haji penye ukuta.

Kwa hivyo natoa maombi matatu.

La kwanza ni kwa serikali, ya taifa na za kaunti za pwani. Njia zote za zamani za kushukia baharini zitafutwe na wazee wangali hai wa kuzionyesha. Zipimwe, ziandikwe katika ramani, zitiwe alama, na zilizozibwa zizibuliwe. Kila mwaka upitao mzee mmoja azikwa na njia moja yazikwa naye.

La pili ni kwa wenye mahoteli na majumba. Hawaombwi kubomoa biashara zao. Waombwa wazizime au wazifunike taa za upande wa bahari katika miezi ya kasa kutaga na vitoto kutoka, maana kitoto cha kasa hufuata mwangaza. Zamani mwangaza ulikuwa ni wa maji, leo ni wa baa, naye hupotea bara akafa kwa jua. Waombwa wakusanye viti vya mchangani jioni. Na ajengaye upya aurudishe ukuta wake nyuma.

La tatu ni kwetu sisi, nalo ni zito kuliko yote. Tuache kumla kasa na mayai yake. Kasa alindwa kwa sheria, na tena nyama yake yaweza kuwa sumu: Machi 2024, katika kisiwa cha Panza huko Pemba, watu tisa walifariki baada ya kuila, wanane wao wakiwa ni watoto. Tuache kutupa ufuoni takataka ambazo kasa huzidhani chakula. Tusiuze kiwanja bila ya kuuliza njia. Na zaidi ya hayo, twendeni. Shule za pwani na vyuo vya Kurani viwatoe watoto angalau siku moja kwa mwaka, si kwa kuogelea tu, bali wakaambiwe hili ni nini na lile laitwaje. Mwananchi halipi hifadhini sawa na mgeni, na ufuo hauna malipo. Mtu hakilindi asichokijua, wala hakililii kikipotea.

Jioni yetu ya mwisho Mungu alitujaalia. Kiota kimoja, mahali ambapo hapana ukuta, kilifunguka jua likikaribia kuzama. Mchanga ulitikisika kwanza kama maji yaanzayo kuchemka, kisha vikatoka, vyeusi, kila kimoja kadiri ya kiganja cha mtoto, vikashuka kwa pamoja kuelekea kwenye wimbi. Tulikatazwa kuvigusa. Wajukuu wangu walisimama huku na huku mikono nyuma, kama watu waliosimama njiani bwana harusi apite. Cha mwisho kilipochukuliwa na maji, yule wa kiume akaniambia: "Babu, hawa watarudi mimi nikiwa mkubwa."

Watarudi, Inshallah. Kasa hasahau. Nimemwahidi mtoto kwamba watakapokuja watakuta pa kupita, nami sina uwezo wa kuitimiza ahadi hiyo peke yangu.

Kasa huja kwa miaka, na njia hajapotea,
Kwa ukuta akafika, na mayai karejea,
Na mimi nikazunguka, pwani niloizoea,
Njia imeshazibika, ya wale walotulea.

Wenye hukumu jueni, bahari ni ya jamii,
Njia zetu fungueni, kwa sheria na utii,
Na sisi tulio pwani, tuitunze kwa bidii,
Kasa aje mchangani, asikute hali hii.